Ndugu 0 na Kamati ya Harusi

Lugha ya programu iliyo ngeni kabisa haimtishi mtu. PHP hukulaki na alama za dola kila mahali, ukajua mapema kwamba hapa si kwenu. Hatari ni lugha inayofanana na uliyoizoea. Python ina for na in, JavaScript nayo inazo, basi unaingia bila hodi, viatu miguuni.

Katika Python, ukipitia orodha ya watu kwa for na in, unapewa watu wenyewe. JavaScript, kwa maneno hayohayo, hukupa namba za viti walivyokalia. Ukiwataka watu sharti useme of, iliyoingizwa rasmi mwaka 2015. Kamati ya harusi ya binamu yangu, niliyoiandikia programu ya kutuma shukrani, haikuwa na habari hizo. Yenyewe iliona ujumbe tu: "Ndugu 0, tunashukuru kwa mchango wako." Ukafuata wa Ndugu 1. "Ndugu 2 ndiye mimi?" akauliza mama mkubwa.

Tena namba hizo si namba; ni maandishi yenye sura ya namba. Niliziongezea moja ili orodha isianzie sifuri, JavaScript ikaibandika ile moja mwishoni badala ya kujumlisha. Mwenyekiti akawa 01, makamu 11, mweka hazina 21. Mama mkubwa akataka kujua watu tisa kati ya mwenyekiti na makamu wamekwenda wapi, na michango yao anayo nani. Mweka hazina akaanza kutoka jasho.

Tukahamia lugha ya Go. Huko range hutoa vitu viwili, nafasi na kilichomo. Ukipokea kimoja tu, umepokea nafasi, na Ndugu 0 anarudi kikaoni. Hilo niliwahi kuliziba. Lakini ahadi za michango zilikaa kwenye mapu, kila jina na ahadi yake, na Go huvuruga makusudi mpangilio wa kuipitia mapu, ili asiwepo wa kuutegemea. Jumamosi mjomba alitokea wa kwanza. Jumapili akawa wa mwisho, chini ya mpiga picha. Akauliza nani kamshusha. Nikamwambia ni kompyuta. Akauliza kompyuta hiyo ni ya upande gani, wa bwana harusi au wa bibi harusi.

Siku hizi majina hupangwa kwa alfabeti kabla ya kuchapishwa. Mama mkubwa karidhika. Mjomba, ambaye jina lake linaanza na Z, ameomba kikao cha dharura.