Waya wa Redio Si Mali ya Umma

Nani aliwaambia mafundi umeme wa magari hapa Dar es Salaam kwamba waya wa redio ni mali ya umma? Kila kifaa kipya kinachoingia kwenye gari kuukuu, wanakwenda kukining'iniza hapo hapo. Alamu ya wezi, waya wa redio. Chaja ya simu, waya wa redio. Feni ya dashibodi aliyoinunua shemeji yangu Ubungo, waya wa redio. Na sasa pampu ya mafuta ya pikapu yangu, kifaa ambacho bila hicho gari ni banda la kuku, nayo imepelekwa huko huko.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya mwaka 1984, ya petroli, ya kabureta. Pampu yake ya zamani haikuwa na waya hata mmoja. Ilifungwa ubavuni mwa injini, mkono wake unasukumwa na kamshafti, na ndani kuna kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka, kikivuta petroli toka kwenye tanki. Imepiga kazi tangu Mwalimu yuko Ikulu, marais wakabadilishana, yenyewe ipo tu, mpaka kiwambo kilipochanika. Kikichanika, petroli inaweza kuteremkia ndani ya injini ikachanganyika na oili, usione tone chini. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikakutana na harufu ya petroli tupu. Mama watoto akasema liuzwe. Husema hivyo hata tairi likipata pancha.

Fundi akashauri tufunge pampu ya umeme. Ushauri mzuri, sina ugomvi nao. Pampu ya umeme hukaa nyuma, chini, karibu na tanki, na kazi yake hasa ni kusukuma. Ile ya zamani huvuta kutoka mbali, na petroli inayovutwa hadi kwenye joto la injini hugeuka mvuke bombani. Ndiyo maana magari ya umri wa hili langu huzimika kwenye foleni ya Buguruni saa nane mchana, yakawaka yenyewe jioni yakishapoa, na mwenye gari akaanza kuwashuku majirani.

Nikaenda Gerezani kununua. Muuzaji akanitolea pampu inang'aa, ya gari la injekta. Pampu hiyo husukuma kwa presha ya psi 40 na kuendelea. Kabureta yangu inataka psi 3 au 4. Ukiipa 40, kisindano kinachoziba petroli kwenye kabureta hakiwezi kuhimili, petroli inafurika na kumwagikia injini ya moto. Nikamweleza hayo yote.

“Mzee wangu, pampu ni pampu,” akasema.

Nikamwomba ya presha ndogo. Akaniuliza kama mimi ni injinia. Nikamwambia mimi ni mlipaji. Ikapatikana, chini ya meza, ina vumbi, na bei yake ikapanda palepale kwa sababu sasa imekuwa adimu.

Ndipo akaja fundi waya, na waya wake mwembamba wa spika. Kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Gari likawaka, akachukua hela, akaondoka. Nikatoka na pikapu, nikafika Tazara, nikafungulia taarifa ya habari. Fyuzi ya redio, ambayo kazi yake tangu ujana ni kulisha redio peke yake, ikaungua. Redio kimya, pampu kimya, injini kimya. Nyuma yangu daladala nzima ikaanza kunifundisha adabu.

Fundi waya alipofika hakuhangaika kutafuta fyuzi. Alichukua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaikunja, akaichomeka. “Hiyo haiungui, mzee.” Jamani, fyuzi imetengenezwa iungue! Ikigoma kuungua, kinachoungua ni waya, na waya huu unakwenda mpaka kwenye tanki la petroli.

Nilipopiga kelele, akaleta suluhisho la pili: swichi ya ukutani, ile ya taa ya sebuleni, akaifunga kwenye dashibodi na kuvuta umeme moja kwa moja toka kwenye betri. Sasa ufunguo ninao mfukoni na pampu bado inanguruma. Mke wangu akiingia anauliza kama feni nayo inawashiwa hapo. Na tuseme gari limegongwa, Mungu apishe mbali. Pampu ya zamani ilikuwa inakufa pamoja na injini. Hii itaendelea kusukuma petroli kwenye bomba lililokatika, juu ya ekzosi ya moto, na dereva hana hata akili ya kukumbuka swichi ya sebuleni.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Waya mnene kutoka betri, fyuzi iwe karibu kabisa na betri, uingie kwenye rilei, yaani swichi inayoamshwa kwa umeme, mguu namba 30. Namba 87 iende kwenye pampu. Namba 86 ipate umeme wa ufunguo, na 85 iende bodi, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu. Waya wa 86 upitishwe kwenye swichi ya presha ya oili ya kukata pampu: injini ikizimika, presha inashuka, pampu inakatika yenyewe. Wakati wa kuwasha, presha ikiwa bado haijapanda, umeme wa kuamsha rilei unatoka kwenye starta. Nilimsomea fundi namba hizo polepole. Akazichukulia kama za bahati nasibu.

“Mzee, haina shida. Gari si inawaka?”

Nyumba inayoungua nayo inawaka.

Pikapu nimeiegesha Tabata, na waya wa betri nimeuchomoa mwenyewe. Fundi yeyote mwenye rilei, fyuzi na koleo la kubana viunganishi aje, chai ipo na hela ipo. Anayekuja na pakiti ya sigara aje kuvuta tu, tena mbali na gari.