Jinsi ya Kuchambua Bongo Thelathini kwa Mpigo

Kwanza, tafuta watu 30 wenye subira. Mlaze kila mmoja ndani ya mashine ya MRI kwa dakika 10, mwambie akodolee macho alama ya msalaba, asisinzie wala asiwaze jambo lolote mahususi. Atawaza kodi ya nyumba na pua inayomwasha. Usimuulize, data hii huitwa ya mapumziko. Angalizo: wachache watalala, na kwa kelele za mashine ile hutawasikia wakikoroma.

Pili, uvute kila ubongo mpaka ulingane na kielelezo cha Montreal, ambacho ni wastani wa vichwa 152, hivyo si kichwa cha mtu. Kisha zififishe picha kwa milimita 6. Kwa nini 6? Kwa sababu makala uliyosoma ilitumia 6. Angalizo: mwandishi wa makala ile naye alisoma makala.

Sasa zikamue data za kila mtu, zipange moja chini ya nyingine, uzikamue tena zote pamoja, kama mtafiti Vince Calhoun na wenzake walivyoelekeza mwaka 2001. Rundo hilo ndilo huingia kwenye algorithimu ya kutenganisha vijenzi huru, yaani ICA. Kazi yake ni kama ya mtu aliyetega maikrofoni kadhaa ukumbini kwenye harusi, kisha akataka kutenganisha sauti ya kila mgeni bila kujua nani alisema nini. Wageni wako ni ramani za ubongo, na zinazotafutwa ni zile ambazo kitakwimu hazitegemeani. Ubongo wenyewe haujawahi kuahidi hivyo, lakini hilo haliulizwi siku ya kwanza. Wala ya pili.

Tumefika penyewe. Andika katika utangulizi kwamba njia hii haihitaji dhana ya awali, data inajisemea. Umeandika? Haya, programu inakuuliza unataka vijenzi vingapi, yaani ramani ngapi. Ukisema 20, utapata mitandao mipana; ukisema 100, ileile itakatikakatika. Ipo kanuni ya kukadiria idadi inayofaa. Iendeshe, soma jibu lake kwa heshima, kisha andika 20. Ukiona haya, wakumbuke watafiti wa UK Biobank, mradi mkubwa wa afya wa Uingereza, na maelfu yao ya bongo: walichagua 25, wakachagua na 100, wakatoa zote mbili. Katika 100 walibakiza 55, vingine wakavitupa kama kelele. Angalizo: usitamke mbele ya watu kwamba data ilijisemea baada ya wewe kuipangia idadi ya maneno.

Bonyeza. Bonyeza tena: jibu limesogea kidogo, maana algorithimu huanzia mahali pa kubahatisha. Ndiyo sababu wataalamu wa Finland walitengeneza Icasso, inayorudia kazi mara nyingi na kuyaweka pamoja majibu yanayofanana. Namba nazo usizizoee. Kijenzi cha 7 leo ni cha 13 kesho. Ramani ikitoka ya buluu nawe ulitaka nyekundu, izidishe kwa hasi 1. Hesabu inaruhusu kabisa, mradi ugeuze na mawimbi yake, yaani mchoro wa jinsi kijenzi kinavyopanda na kushuka kwa muda. Utalikumbuka hilo makala ikishachapishwa.

Kisha vipe vijenzi majina. Anza na mtandao maarufu unaochangamka mtu akiwa hana kazi: doa nyuma ya paji la uso, jingine katikati kuelekea kisogoni, mawili pembeni. Usipouona, rudi ubadilishe idadi. Pete nyembamba kuzunguka ubongo ni kichwa kilichotikisika. Mng'ao machoni ni macho. Ving'avu vya katikati ni maji ya ubongo. Kwa vilivyobaki, kanuni ni moja, nayo haijaandikwa popote: kinachofanana na picha za wenzako ni mtandao, kisichofanana ni kelele. Tafuta waamuzi wawili wasiotegemeana, yaani wewe na jirani yako wa meza. Angalizo: kitajitokeza kijenzi kizuri ajabu kisicho na jina. Kitupe.

Mwisho, linganisha wagonjwa na wazima, kijenzi kwa kijenzi. Sahihisha takwimu kwa wingi wa vokseli, yaani vijiboksi vinavyounda picha. Wingi wa vijenzi upite kimya kimya. Kimoja kitatoa tofauti. Kiandikie kurasa nne za mjadala, utume jaridani, usubiri. Mhakiki wa pili ataisifu kazi, kisha ataomba jambo dogo tu: urudie kwa vijenzi 30. Utarudia. Mtandao wako utakuwa umepasuka vipande viwili, na tofauti itakuwa imehamia kwenye pete.