Bati la Waingereza

Mama, Baba, nanyi nyote mlioketi chini ya mwembe huko Homa Bay, amosou!

Hapa Leeds mimi mzima, ila baridi. Mnakumbuka nilivyopiga simu nikishangilia kwamba msimamizi wa nyumba ya wazee ninakofanya kazi amenisifu? Basi mlichinja kuku bure.

Aliniambia: "Wewe ni mwangalifu, lakini unakawia." Nikaudaka ule uangalifu, nikaondoka nao. Siku hiyohiyo mwenzangu Mfilipino akaambiwa: "Unakawia, lakini ni mwangalifu." Nikamwonea huruma, maskini. Wiki iliyofuata yeye akathibitishwa kazini, mimi nikaongezewa miezi mitatu ya majaribio.

Mchawi ni neno la Waingereza "but". Kwa midomo yetu linatoka "bati", na kweli ni bati: kilichotangulia kimeachwa nje kinanyeshewa, kilicho chini yake ndicho walichokusudia.

Nduguye "though" ni mbaya zaidi, maana huvizia mwisho. Juzi nilimpelekea bibi mmoja uji. Akaonja. "Mtamu sana." Nikatabasamu meno yote nje. Akameza, akapangusa mdomo taratibu, akatazama dirishani. "Umepoa, though." Kwa sikio la Mjaluo hilo ni dho, yaani mdomo, nao wangu ukajifumba wenyewe.

Tom Mboya wetu wa Rusinga alikaa mwaka mmoja tu Ruskin College, Oxford, 1955 hadi 1956, akarudi na Kiingereza cha kuwakosesha wakoloni usingizi. Mimi huu mwaka wa tatu, bado natelezea neno moja.

Waingereza hawa, Mama, ungewaweza. Pale unapouza samaki, mteja anainua ngege, anafunua shavu kuona kama bado ni jekundu, kisha anaguna: "Ni wa leo, lakini bei kali." Nawe hata hupepesi jicho: "Bei kali, lakini ni wa leo." Samaki ni yuleyule, bei ni ileile, hakuna aliyedanganya. Utoto wangu wote nimekaa nyuma ya beseni lako nikidhani mnarudiana maneno tu, kumbe mnavutana bati!

Haya, jana nimetuma M-Pesa. Ni kidogo, lakini nimetuma. Ukimsomea Baba, tafadhali usinigeuzie hiyo sentensi.