Jinsi ya Kujulikana na Mashine kwa Sauti

Kwanza, usipate mafua. Sauti zinazomtambulisha mtu vizuri sana ni zile za puani: m, n, ny, ng'. Ulimi na midomo unaweza kuichezesha utakavyo, lakini uwazi wa pua huwezi kuurefusha wala kuupanua, na umbo lake hujichapa katika kila m unayoitamka. Kamasi zikijaa, alama hiyo huharibika.

Ukiombwa sampuli, sema, “Mama ananunua nyama ya ng'ombe.” P, t na k ni mipasuko mifupi mno, haibebi mengi ya mwenyewe. Irabu hubeba mengi, na Kiswahili kimejaliwa: karibu kila silabi huishia na irabu.

Usinong'one, maana nyuzi za sauti hazitatetema. Usishindane na muziki wa daladala, maana ukipaza sauti unaibadilisha. Usizeeke. Na ukiwa kwenye simu ya zamani, ujue imepitisha hezi 300 hadi 3,400 tu. Sauti yako iliyobaki haikufika.

Zaidi ya yote, usizaliwe pacha. Mwaka 2017 mwandishi wa BBC, Dan Simmons, alifungua akaunti katika benki ya HSBC yenye ulinzi wa sauti. Pacha wake Joe, ambaye hata si wa kufanana, akaiga sauti ya nduguye hadi akakubaliwa.

Mashine haikujui. Inapima ufanano na kutoa alama, halafu kuna mtu aliyeamua mapema alama ngapi zinatosha. Akishusha kiwango, mwizi anapita; akikipandisha, mwenye mali anabaki nje. Ndiyo maana inaniudhi sauti inapouzwa kama alama ya kidole. Dai hilo ni la zamani: mwaka 1962 Lawrence Kersta wa Bell Labs alitangaza kwamba picha za sauti humtambulisha mtu kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 99, na baadhi ya mahakama za Marekani zikazipokea kama ushahidi. Mwaka 1979 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyohiyo ilishauri tahadhari kubwa.

Siku hizi mwigaji hahitaji kuwa pacha. Programu inajifunza sauti yako kutoka kwenye ujumbe mfupi wa sauti uliourekodi WhatsApp. Kwa hiyo idai benki yako ikuulize na namba ya siri, isitosheke na sauti. Na mwanao akikupigia kwa namba ngeni, analia, anataka pesa sasa hivi, kata. Mpigie wewe, kwa namba yake ya siku zote.