Sifa za Mwizi wa Maua

Panda mashua Bodo, pwani ya Kwale, uvuke hadi kisiwa cha Funzi, na kabla hujashuka utakuwa umeshasifiwa kila kilichoko huko: mamba wa mto Ramisi, mikoko, ndege wa maji, kaa, fungu la mchanga linalojitokeza maji yakitoka. Kuna mkaazi mmoja hatajwi na nahodha wala mpishi. Ni nyuki seremala, yule mnene mweusi anayekuja barazani saa za watu kupumzika, akatoboa boriti, akamwaga unga wa mbao juu ya sinia ya wali, na ukuta uliopakwa chokaa juzi akauchora michirizi ya manjano ambayo, kwa heshima zote, ni choo chake. Akishamaliza ya nyumbani, huenda kwenye maua kuiba.

Nimeona ni dhuluma kiumbe mwenye juhudi hizi kukosa wa kumsifu. Wasifu tunao wengi, na wanawasifu walio wabaya kuliko yeye kwa malipo ya chai tu.

Tuanze na nasaba, kama ilivyo ada. Huko Ulaya na kwenye milima ya Marekani, wizi wa maua umeshikwa na nyuki wa manyoya wa jenasi ya Bombus, na vitabu vimejaa habari zao. Lakini Bombus hana makazi ya asili Afrika kusini mwa Sahara. Mgeni akimwona seremala bustanini Diani hudhani amekutana na jamaa wa kwao, sivyo. Wetu ni Xylocopa, ukoo wa nchi za joto, na nafasi iliyokuwa wazi ameijaza mwenyewe bila msaada wa wafadhili.

Mwenye kazi ni bibi. Katika aina moja ya Afrika Mashariki, Xylocopa nigrita, yeye ni mweusi tii mwenye weupe ubavuni, na mumewe ni rangi ya dhahabu, hata asiyewajua hawezi kuamini kwamba ni mtu na mkewe. Bibi huchimba mbao kwa mataya, hujenga vyumba, hukusanya chavua, hutaga. Bwana huelea hewani, akamkabili kila apitaye, awe binadamu, kunguru au dume mwenzake, kwa vishindo vya kutisha. Mwiba hana, dume la nyuki halina mwiba. Namtaja kwa heshima, maana wako wengi waliofika mbali kwa mtaji huo huo. Isitoshe, bibi ni mwenye nyumba mwema: aina kadhaa za ukoo wake zina mfuko maalumu tumboni ambamo utitiri huishi na kusafiri naye bila nauli.

Sasa wizi wenyewe. Maua yana sharti moja, wala si gumu: pita mlangoni, jipake chavua, kunywa mbochi, kaifikishe chavua kwa jirani. Ua lenye koo refu na jembamba limelibana sharti hilo, hata wanaofaa ni wenye ulimi mrefu au mdomo mrefu, akina chozi na wenzake. Bibi Seremala ni mnene. Mlango ule si wake. Mwingine angekwenda zake, au angeandika barua ya malalamiko. Yeye hutua nje ya ua, akashuka hadi shinani iliko mbochi, akachomeka kidomo chake kigumu, akapasua, akanywa, akaruka. Chavua hakuigusa. Mtazame kwenye vichaka vya kengele za manjano, Tecoma stans, ambavyo watu hupenda kuvipanda kando ya nyumba na hoteli. Okota ua lililoanguka, huenda ukauona mpasuko mdogo shinani, safi, wa mtu asiye na papara.

Wataalamu wamehangaika na kazi hii tangu zamani. Mjerumani Christian Konrad Sprengel aliandika habari za wezi wa namna hii mwaka 1793. Darwin alipeleka gazetini mwaka 1841 maelezo ya akina Bombus wanaotoboa maua, na mwaka 1876 akayarudia kitabuni kwa lugha ya mahakamani. Mwaka 1980 David Inouye akawapanga wezi kwa vyeo: yuko mvunjaji; yuko anayetumia tundu lililovunjwa na mwingine; na yuko anayepita mlangoni kwa adabu zote kisha akaondoka bila kulipa. Orodha hiyo ingeweza kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi nyingi, na wahusika wakajua kila mmoja mstari wake.

Cheo cha pili ndicho kinachonifurahisha. Darwin aliona kwamba Bombus akishatoboa maua ya maharagwe, nyuki wa asali hufuata na kunywa kwenye matundu yale yale. Nyuki wa asali! Yule tunayewachorea watoto wa shule kuwa mfano wa bidii na uaminifu ni mpokeaji wa mali ya wizi, na hana hata mataya ya kuvunjia mwenyewe. Ukarimu wa Bibi Seremala nao ni huo: tundu akishalipasua halifungi, hadai kodi, hamuulizi mtu kabila. Wanywe nyuki wadogo wasio na mwiba, wanywe na sisimizi.

Najua wako watakaosema mwizi ni mwizi. Hao nawaomba watazame juu. Kwenye minazi ya Kwale, asubuhi na jioni, mgema hupanda na kotama kiunoni. Hulikuta karara ambalo bado halijafunguka, akalifunga kamba, akalichonga ncha kidogo kidogo kila siku lisije likakauka, na utomvu mtamu ambao mti uliuandaa kwa ajili ya maua na nazi zake ukadondoka mbuuni. Ua halichanui. Nazi haizaliwi. Chavua haiendi popote. Nasi tunamlipa, tunamngoja chini ya mti, na kitu pekee tulichowahi kukihofia juu yake ni sifa: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Bibi Seremala naye anakata shina la ua na kunywa ambacho hakukifanyia kazi, lakini hajamuuzia mtu tembo lenye maji, hata mimi nimsifu vipi.

Hasara ipo, nisiifiche. Katika milima ya Rockies, jimbo la Colorado, Rebecca Irwin na Alison Brody waliuchunguza mmea uitwao Ipomopsis aggregata, wenye maua mekundu ya koo refu yanayochavushwa na ndege wavumaji. Waliripoti mwaka 1999 kwamba Bombus wakiyaiba maua kwa wingi, mbegu hupungua. Ubaya si tundu lenyewe. Ndege huyakwepa maua yaliyokwisha kunywewa, akapita zake, na mmea ukabaki na chavua yake mkononi. Wizi ukiwa kidogo, mmea huuvumilia. Kuna hoja nyingine ya wataalamu ambayo nimeipenda zaidi: nyuki mwaminifu akikuta maua ya karibu yamekaushwa, hulazimika kuruka hadi mmea wa mbali, na chavua iliyotoka mbali hupunguza ndoa za ndugu kwa ndugu. Kwa hesabu hiyo mwizi ni mshenga. Mimi nashika hesabu hiyo; ya Colorado naiachia Colorado.

Amechangia ajira pia. Shuka ufukweni, mahali mlakasa umetambaa juu ya mchanga na maua yake ya zambarau hufunguka asubuhi na kunyauka kabla ya jua kuzama. Mmea huo una matezi ya sukari nje ya ua, kwenye vikonyo, pasipo na chavua wala faida yoyote kwa mchavushaji. Huo ni mshahara wa sisimizi. Wanakuja kunywa, na wakishaonja hawapendi mwingine akanyage hapo, awe mla majani au mtoboaji. Askari wanaolipwa kwa sukari, kila siku, bila kucheleweshewa! Wezi wakiisha leo, kesho askari hao wote watakuwa vijiweni.

Sifa zangu zingepaswa kuishia hapa, lakini kuna doa ambalo sina budi kulitaja kabla maadui zake hawajalitaja. Inasemekana anafanya kazi ya halali.

Ushahidi ni mzito. Ua la biringani halina mbochi, kwa hiyo la kuiba hakuna. Chavua yake imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani, na haimwagiki vizuri mpaka nyuki alikumbatie ua na kulitikisa kwa misuli ya mabawa. Nyuki wa asali hawezi mtikiso huo, seremala anaweza. Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng walifanya utafiti Nguruman, huku huku Kenya, wakauchapisha mwaka 2008, na katika wachavushaji bora wa biringani wakamtaja Xylocopa caffra. Kwenye pasheni mambo ni mabaya zaidi. Ua lile ni pana, sehemu zake za kike na za kiume zimeinuliwa juu, na unene ule ule uliomzuia kwenye koo jembamba ndio unaozifikia, chavua ikampaka mgongoni. Nyuki wa asali, mfano wa watoto wetu, hupita hapo akazoa chavua bila kugusa kinachotakiwa kuguswa. Hata mbaazi, ambazo kwa sehemu kubwa hujichavusha zenyewe, humpokea: uzito wake hulifungua ua, na chavua ya mmea wa jirani ikaingia. Zile za nazi unazokula na mahamri huenda zina mkono wake.

Hapo sina la kumtetea. Asiyeamini aende kwenye shamba la biringani asubuhi jua likishapata, asimame kimya, amsikie akibadilisha sauti: mvumo wa kuruka ukakatika, ukaja mngurumo mfupi mkali akiwa amelishika ua. Ila asimwambie ni nani aliyemtuma.