Muulize Mjomba: Jakuzi Limefika Chunyu

Kila mwaka minada ya korosho ikianza, barua za wapwa zangu hubadilika. Kabla ya malipo mnauliza nani atawakopesha. Baada ya malipo mnauliza mfanye nini na mlichonunua. Mwaka huu pikipiki zimepumzika. Kuna mtu kaleta jakuzi, na kijiji kizima kina neno juu yake. Mjomba amesoma barua zote, amemaliza chai yake, sasa anajibu.

*

Shikamoo Mjomba. Fedha za korosho zilipoingia nilikwenda Dar es Salaam nikanunua jakuzi la mtumba la watu wanne. Nimeliweka uani chini ya mwembe. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Wiki ya pili maji yamegeuka kijani, kuta zinateleza, na watoto wa jirani wameanza kuleta bata. Nataka dawa ya kutia mara moja tu, nisisumbuke tena mpaka msimu ujao.
— Mwenye Jakuzi, Chunyu

Marahaba, mpwa wangu. Hongera kwa mali, pole kwa bata.

Dawa unayoitaka ipo: mwaga maji yote, ligeuze jakuzi kifudifudi. Nyingine zote zinataka mkono wako. Maji yako yana joto la nyuzi 38 hivi, na joto hilohilo linalokulegeza viungo ndilo linaloimaliza klorini upesi kuliko kwenye bwawa la maji baridi. Jua nalo linaila. Tena watu wanne ndani ya lita 1,000 ni msongamano. Jasho, mafuta ya nazi na vumbi la shambani huimaliza dawa kabla haijamfikia mdudu.

Tuziangalie zile zinazosifiwa kuwa hazina kazi. Mashine ya chumvi hutaka kama kilo mbili za chumvi kwa lita 1,000, kisha huigeuza kuwa klorini kwa nguvu ya umeme. Ni nzuri, ila maji ya kisima yakiwa na chokaa, sahani zake zinaota ukoko, na umeme ukikatika, mashine nayo inalala. Taa ya UV na ozoni zinaua kile kinachopita mbele yake tu. Mdudu aliyejibanza ndani ya bomba la mapovu hana habari, kwa hiyo klorini kidogo utatia vilevile. Bromini inastahimili joto kuliko klorini, lakini ikiisha Jumamosi utasubiri basi kutoka Dar.

Ushauri wangu ni huu: chagua dawa kwa kumtazama mvivu wa nyumba yako, usichague kwa lebo. Dawa inayofaa ni ile utakayoitia siku umetoka kupulizia mikorosho, mgongo unauma na giza limeshaingia. Kwa Chunyu hiyo ni klorini ya kawaida, inayopatikana dukani.

Maji ya kijani usihangaike kuyaokoa. Mwaga, sugua, suuza, jaza upya. Kwa lita 1,000 za maji safi, mililita 90 za klorini ya maji ya asilimia 3.5, ile isiyo na manukato, zinakupa karibu miligramu 3 kwa kila lita. Hicho ndicho kiwango cha chini kinachoshauriwa kwa jakuzi na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani. Pima kwa kikombe kidogo cha kahawa, na kikombe hicho kisirudi tena kwenye kahawa. Ikorogee kwanza kwenye ndoo ya maji, washa pampu, kisha mimina. Rudia kila mnapotoka kuoga, na nunua vile vikaratasi vya kupimia, kwa sababu macho hayapimi klorini. Vikaratasi hivyo vitakuonyesha na pH; ibaki kati ya 7 na 7.8.

Kinachokupunguzia kazi kwa kweli kiko nje ya chupa. Kwanza mfuniko: majani ya mwembe, jua na bata vyote vinabaki nje. Pili, kila mtu aoge kwa sabuni na kujisuuza kabla ya kuingia. Jakuzi ni mahali pa kustarehe, uchafu unaachwa bafuni. Tatu, maji yana umri. Mkiingia wanne kila siku, yamwage baada ya wiki tatu. Mkiwa wawili, yanaweza kufika wiki sita. Yaache wazi juani siku mbili klorini iishe, kisha wape migomba.

*

Mjomba, habari. Nimebakiwa na mfuko wa salfa wa kilo 25 ambao sikuumaliza kwenye mikorosho. Nasikia Wazungu kwao wanaoga maji ya moto yenye salfa yanayotoka ardhini, ngozi zinatakata. Sisi tumepata jirani mwenye jakuzi. Nimuuzie?
— Mfanyabiashara, Mnacho

Mpwa, biashara unaiweza, ila mzigo umeukosea mteja. Salfa hiyo ni ya kuzuia ubwiri unga kwenye maua na majani ya mkorosho. Unga wake hauyeyuki majini. Utaelea, utaziba chujio, utamkaa jirani machoni. Ile ya kwenye chemchemi za moto imeungana na vitu vingine huko chini ya ardhi na kuyeyuka, ndiyo maana inanuka kama yai viza. Hii yako ni vumbi. Wewe mwenyewe ukiipulizia bila kufunika uso unakohoa mpaka usiku wa manane, na hapo uko nje penye upepo. Sasa unataka mwenzio akae ndani yake huku akikulipa?

Ihifadhi pakavu, mbali na moto na mbali na chakula. Msimu hauchelewi. Na kama ni ile ya ruzuku, kabla hujatafuta mteja tafuta maelezo ya kumpa mtendaji wa kijiji.

*

Mjomba, nina nyumba ya wageni Ruangwa mjini. Timu ya soka ya Namungo ikicheza nyumbani, Uwanja wa Majaliwa unajaa na vyumba vyangu vinajaa. Nimeweka jakuzi dogo mapokezi kwa mapambo, linatoa mapovu usiku kucha, hakuna anayeingia. Nilikuwa natia klorini lakini inanuka, nikaacha. Hakuna ubaya?
— Mwenye Vyumba

Ubaya upo, tena mkubwa. Februari 1999, katika mji wa Bovenkarspel nchini Uholanzi, kulikuwa na maonyesho makubwa ya maua, na humo ndani kuliwekwa jakuzi la kuonyesha bidhaa, mapovu yanatoka, watu wanapita kutazama. Ndani yake walikuwa wamezaliana bakteria waitwao Lejionela, wanaopenda maji ya vuguvugu. Mapovu yakawarusha hewani kama ukungu, wapita njia wakauvuta. Zaidi ya watu 30 walikufa kwa homa ya mapafu. Wengi hawakuchovya hata kidole.

Kwa hiyo jakuzi la mapambo linataka dawa sawasawa na jakuzi la kuogea. Ukishindwa kulitunza, lizime, likaushe, panda maua ndani yake.

Kuhusu harufu, umeielewa kinyume. Klorini inayofanya kazi kwenye maji safi hainuki sana. Ile harufu kali inayochoma pua hutoka pale klorini inapokutana na jasho na mkojo. Ukisema hakuna anayeingia na maji yananuka hivyo, mpwa wangu, muulize mlinzi wako wa usiku.

*

Mjomba, ni mimi tena wa Chunyu. Nilifuata ushauri, nikamwaga maji, nikasugua. Asubuhi nikajaza nusu, nikaenda shamba. Mama mkwe amekuja kutusalimia. Amekuta beseni kubwa lina maji, kaloweka mihogo michungu. Leo siku ya tatu. Mkwe siwezi kumwambia kitu. Je, nikitia klorini juu ya mihogo, maji yatapona?
— Mwenye Jakuzi, Chunyu

Weka hiyo chupa chini, taratibu. Mihogo michungu hulowekwa ili sumu yake itoke, na ikitoka inaingia kwenye maji. Hayo maji sasa yana sumu ya muhogo, tena yamechacha na kuwa makali. Klorini ikikutana na kitu kikali chenye asidi hutoa gesi inayochoma mapafu. Ndiyo sababu hata siku za kawaida usichanganye klorini na siki, ndimu wala dawa ya kusafishia choo.

Fanya hivi. Mshukuru mkwe kwa mihogo. Akishaitoa, mwaga maji mbali na mbuzi na kuku, wasiyanywe. Sugua kuta, suuza mara mbili, washa pampu na maji safi ili mabomba yajisuuze, mwaga tena. Hapo ndipo ujaze na kutia dawa. Kisha kanunue pipa la plastiki lenye mfuniko, umpelekee mkeo, ampe mama yake kama zawadi. Mkwe haambiwi, mkwe hupewa zawadi akaelewa.

*

Mkato mkato

*Anayeuliza kama vidonge vya WaterGuard vinafaa kwa jakuzi:* Kidonge cha nyumbani kimepimwa kwa ndoo ya lita 20 ya maji ya kunywa, nawe usubiri dakika 30. Lita 1,000 zitameza vidonge 50, na kesho zitataka vingine. Vidonge viache kwenye ndoo ya watoto, ndiko vinakookoa maisha.

*Bibi wa Mbekenyera, anayetaka jakuzi liwe akiba ya maji ya kiangazi:* Litunze maji, bibi, lakini lifunike pasibaki hata tundu. Mwaka 1952 homa ya chikungunya iligunduliwa kwa mara ya kwanza hapa kusini kwetu, uwanda wa Makonde. Maji yalikuwa ya shida, watu wakayaweka ndani kwenye vyungu, na mbu wakapata pa kuzalia. Jakuzi lisilo na mfuniko ni chungu cha lita 1,000.

*Babu mwenye magoti mabovu, anayeogopa kuitwa mshamba:* Pampu ya jakuzi ilibuniwa Marekani na Candido Jacuzzi kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa na ugonjwa wa viungo. Kwa hiyo wewe ndiye mwenye haki nalo kuliko vijana. Joto lisizidi nyuzi 40, dakika 15 zinatosha, na kama una presha au ugonjwa wa moyo kwanza uonane na daktari. Wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wapishe kabisa.

*Aliyeambiwa atumbukize sarafu ya shaba:* Shaba husumbua mwani wa kijani na wadudu wachache, basi. Hiyo sarafu kanunulie vikaratasi vya kupimia.

*

Shikamoo Mjomba. Barua zote za Chunyu umezijibu, hii usiiruke. Mume wangu anasema umemshauri amwage maji kila wiki tatu. Lita 1,000 ni madumu 50. Bomba la kijiji liko mbali, na kwetu anayebeba dumu ni mimi na binti zangu. Nimeolewa na mtu, sikuolewa na jakuzi. Unasemaje?
— Mke wa Mwenye Jakuzi

Marahaba, mwanangu. Nasema barua yako ndiyo ilipaswa kuja ya kwanza. Nimelinganisha chumvi, bromini, taa na klorini, nikasahau kuuliza nani anabeba. Wanaume wengi wanaotafuta njia isiyo na kazi wameshaipata zamani: inaitwa mke na mabinti.

Hukumu ya Mjomba ni fupi, na mumeo aisome mwenyewe. Anayeoga ndiye anayeteka. Madumu 50 yafungwe kwenye baiskeli yake, kikombe cha dawa akishike yeye, mfuniko auvute yeye. Akifanya hivyo kwa mwezi mmoja, atajua mwenyewe kama jakuzi linamfaa ama liuzwe kabla mvua hazijaanza, na fedha zinunue tangi na mabati ya kuvunia maji ya paa. Akikataa yote mawili, usigombane naye. Acha maji yafikie rangi yanayotaka, na waite wale watoto wa jirani warudishe bata.