Twende Tukaangalie Miti

Jumamosi moja ya Februari mke wangu aliniambia, "Baba Watoto, twende tukaangalie miti." Nikavaa viatu vyangu vizuri. Kumbe kwenye buti la gari mna sururu, msumeno, turubai na magunia mawili.

Tunaishi Birmingham, na mwenzangu ameshikwa na homa ya bonsai, ule ufundi wa Wajapani wa kulea mti mzima ndani ya chombo cha kina cha sahani ya pilau. Wenye huruma na waume zao huanza na miti ya majani madogo. Yeye anataka mwaloni. Mti huo mimi nilikuwa nikiujua kwenye Biblia tu: Abrahamu alikaa penye mialoni, Absalomu akanaswa kichwa kwenye mwaloni akiwa juu ya nyumbu wake. Leo nautafutia sahani! Na sebuleni haukai, maana bila baridi ya nje unadhoofika. Mimi ninayedhoofika kwa baridi hiyohiyo sijaulizwa.

Mbona Februari? Kwa sababu vichipukizi havijafunguka. Mti umelala, hausikii sana uchungu wa kuhamishwa. Aliyeamshwa alfajiri ni mimi.

Tulikwenda hadi Wales, kwenye malisho ya kondoo. Ruhusa ya mwenye shamba alikwisha kuiomba, kwani sheria ya huku ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila idhini ya mwenye ardhi. Idhini ya mchimbaji haimo katika sheria hiyo.

Nikaona mwaloni mchanga umesimama wima kama nguzo ya umeme. Nikaufuata kwa furaha.

"Huo mnyoofu mno, Baba Watoto."

Marehemu baba alinifundisha kuchagua mti wa kujengea: ulionyooka, usio na kovu wala kifundo. Kumbe jicho hilo huku ni ugonjwa. Anayetakiwa ni yule mnene kitakoni anayekonda kadiri anavyopanda, mizizi yake ya juu imetawanyika pande zote, matawi yameanzia chini. Na fundi wa umbo hilo ni kondoo. Kila mti ukijaribu kurefuka anautafuna, mwaka baada ya mwaka, mpaka shina linanenepa kwa hasira. Tukauchukua uliokuwa na sura mbaya kuliko yote: kimo cha goti, unene wa paja langu.

Hapo ndipo nilipoujua mwaloni. Tunda lake likianguka, hupeleka mzizi chini majira ya vuli, na chipukizi husubiri hadi baridi iishe. Yaani huyu kiumbe hujenga msingi kabla hajafikiria paa. Nilichimba kwa muda wa saa mbili kabla ya kuufikia mzizi mkuu tuukate. Vimizizi vya pembeni ikabidi vifungwe kwenye gunia pamoja na udongo wake, kwa kuwa mna kuvu anayeusaidia mti kunywa maji. "Polepole, usiuumize," nikaambiwa. Kuhusu mgongo wangu sikusikia neno.

Sasa uko nyuma ya nyumba ndani ya sanduku la mbao. Sahani yenyewe bado iko kabatini, maana mti hauguswi kwa miaka miwili mitatu hadi upate nguvu. Kiangazi ulitoa majani mapana kama kiganja, kisha yakaingia ukungu mweupe, ukadhani umeangukia pipa la unga. Shemeji yangu alipokuja kututembelea aliutazama sana, akauliza kama tunangoja ukauke tupate kuni.

Mke wangu hakumpa chai ya pili.

Msomaji, mwenzako akikualika mkaangalie miti, usikimbilie viatu. Fungua buti la gari kwanza.